Pole Isiyo na Haraka

Rafiki yangu mmoja alimzika mtoto wake wa kwanza mwezi Machi. Siku ya tisa, wakati sufuria za kuazima hazijarudi zote kwa wenyewe, alinionyesha simu yake. Jumbe zilikuwa nyingi, na nyingi zilitoka kwa watu wanaompenda kweli. Lakini aina moja ilijirudia kuliko zote: kwamba Mungu anamwandalia ushuhuda, kwamba maumivu haya ni darasa, kwamba atatoka humu akiwa mwanamke mwingine, imara kumshinda yule wa zamani. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikuweza kukijibu palepale. Aliniuliza kama anatakiwa aanze kukua sasa hivi, au anaruhusiwa kwanza kulia.

Swali hilo limekaa nami. Nimelisikia tena kwa waliovunjikiwa na ndoa, kwa walioachishwa kazi wakiwa na miaka hamsini, kwa kijana aliyetoka hospitali na mguu mmoja. Kila mahali kuna mtu aliyekuja na jibu mkononi: utaibuka mpya. Sikatai kwamba watu huibuka wapya. Nimewaona kwa macho yangu. Ninachokikataa ni haraka yetu, na zaidi ya haraka nakataa imani iliyojificha ndani yake, kwamba pigo lenyewe ndilo linalomjenga mtu.

Wazo hili lina historia, na waliolipa jina wanastahili kusikilizwa vizuri. Katikati ya miaka ya 1990, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Charlotte, Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walianza kuandika juu ya kitu walichokiita ukuaji baada ya kiwewe. Walikuwa wamezungumza na wajane, wazazi waliofiwa na watoto, na watu waliopata ulemavu ukubwani, na wengi wakawasimulia mabadiliko ambayo wao wenyewe waliyaona kuwa mema. Mwaka 1996 wakachapisha dodoso la maswali 21 la kupima mabadiliko hayo katika maeneo matano: namna mtu anavyoyathamini maisha, uhusiano wake na watu, njia mpya anazoziona mbele yake, nguvu anayoigundua ndani yake, na imani yake.

Sehemu hiyo imekuja mpaka kwetu na inahubiriwa kwenye majukwaa. Sehemu ya pili imeachwa njiani. Wataalamu hawa walisisitiza kwamba ukuaji hauondoi maumivu. Mtu anaweza kuwa amebadilika kwa wema na bado analia kila ifikapo tarehe ile. Walisema kwamba kinacholeta mabadiliko ni ile mieleka ya mtu na maisha yake mapya, tukio lenyewe halileti kitu. Na walisema kwamba asiyekua hajakosea lolote. Ukiyaondoa hayo matatu, kilichobaki ni kumwambia mtu anayevuja damu kwamba kidonda chake kina bahati.

Wao hufananisha msiba mzito na tetemeko la ardhi. Kinachopasuka ni ile misingi ambayo mtu hakuwahi kuitilia shaka: kwamba watoto ndio huwazika wazazi, kwamba mwenye bidii halali njaa, kwamba aliyeaga asubuhi atarudi jioni. Mfano huo sisi wa Kagera hatuhitaji kufafanuliwa. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu walikufa, mamia ya nyumba zikaanguka mjini Bukoba na vijijini, na Shule ya Sekondari ya Ihungo, ya tangu enzi za wamisionari, ikaharibika kiasi cha kulazimu ijengwe upya. Leo wanafunzi wanasoma katika majengo mapya. Lakini sijawahi kumsikia mtu wa Bukoba akisema Ihungo ilijengwa na tetemeko. Ilijengwa na mafundi, kwa saruji, nondo na fedha za watu waliokubali kutoa. Na usiku ule wa kwanza hakuna aliyechanganya zege. Usiku ule watu walilala nje, na hakuna aliyewacheka kwa kuogopa kuingia ndani.

Tetemeko kubwa kuliko hilo lilikuwa limeshapita Kagera miaka 33 kabla. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Uganda waliuita silimu, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Mimi nilikuwa mtoto, Muleba. Nakumbuka mashamba ya migomba yaliyokosa wa kuyapalilia, na mabibi walioanza upya kulea wakiwa hawana tena nguvu ya kumbeba mtoto mgongoni. Nakumbuka pia ukimya. Mtu aliugua malaria, akafa kwa malaria, akazikwa na malaria yake, na sote tulijua.

Upande wa pili wa mpaka kuna mama aliyeamua kuuvunja ukimya huo, na nikitaka kuelewa maana ya kukua baada ya pigo narudi kwake kila mara. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, akiongoza chuo cha fani hiyo pale hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1986 zikamfikia habari kwamba mume wake, Christopher, aliyekuwa masomoni Hull, Uingereza, amelazwa, na kwamba ana UKIMWI. Alisafiri kwenda kumuuguza. Kule aliona jambo ambalo baadaye alilisimulia mara nyingi: wauguzi wasioogopa kumgusa mgonjwa, na watu wa kujitolea waliokuja kumpa mgonjwa na mkewe muda wao. Waliporudi nyumbani wakakuta hofu na kutengwa. Christopher alifariki Januari 1987. Mwaka huohuo Kaleeba na wenzake, watu 16 kwa jumla, wengi wao wakiwa wameguswa na virusi katika miili yao au katika nyumba zao, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI na familia zao.

Walikuwa na nini mikononi? Dawa haikuwepo. AZT, ya kwanza kabisa, ilikuwa ndiyo kwanza inaidhinishwa Marekani mwaka ule, na kwa mtu wa Kampala ilikuwa mbali kama mwezi. Fedha hazikuwepo. Walianza kwa kukutana majumbani mwao. Mmoja anasema jana sikulala, mwenzake anasema mimi pia, wa tatu anapika chai. Anayeumwa zaidi anatembelewa. Aliyefiwa anasindikizwa kuzika, jambo ambalo siku zile halikuwa dogo, maana kuna majeneza yaliyobebwa na ndugu wawili tu. Taratibu mikutano ikawa ushauri nasaha, ushauri nasaha ukawa huduma, huduma ikawa shirika ambalo Waganda wanalijua mpaka leo.

Kauli mbiu yao ilipofika kwetu tuliisema kwa maneno matatu: kuishi kwa matumaini. Nimeyatafakari sana maneno hayo. Hayasemi kwamba ugonjwa ni baraka. Hayasemi kwamba utapona. Yanaanza na kitenzi kigumu kuliko vyote kwa mtu aliyeambiwa atakufa, kuishi, ndipo matumaini yanakuja nyuma yake kama namna ya kulitenda lile la kwanza. Anayeishi kwa matumaini hajaambiwa afurahi. Ameambiwa apalilie shamba lake, amlipie mtoto daftari, aende kliniki, aje Alhamisi kwenye kikundi.

Kenya, karibu na wakati huohuo, Joe Muriuki alijitokeza hadharani akasema ana virusi, wakati wengine waliodhaniwa kuwa navyo walikuwa wakifukuzwa vyumba vya kupanga. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani na kutangaza kwamba ana UKIMWI. Kuna waliosema anatafuta jina. Alizunguka mashuleni na makanisani akizungumza na vijana huku mwili unamwishia, na Desemba mwaka huohuo akafariki. Miaka ya 1990 akina mama wa chama cha NACWOLA, wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa siku gani, ulipenda kula nini, babu yako alikuwa nani, ukoo wetu unatoka wapi. Wengi wa akina mama hao walikuwa wakiandika wakijua hawatamwona mtoto akifika darasa la saba.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya mieleka niliyoitaja. Mama anayeandika kitabu cha kumbukumbu analazimika kuyaangalia maisha yake yote kwa mpangilio, kuchagua cha kumwachia mtoto, kumwambia ukweli kuhusu ugonjwa, na kutafuta wa kumlea. Ukimpa dodoso la maswali 21 huenda angepata alama za juu. Lakini alama hizo zingekuwa kivuli tu cha kitendo, na kitendo kilihitaji daftari, mwenzake wa kumwonyesha namna ya kuanza, na mahali pa kukaa kwa saa mbili bila kufukuzwa.

Sasa lazima niseme jambo ambalo katika hadithi hizi huwa tunalipitia haraka. Wengi wa wale waliokaa na Kaleeba katika vikao vya mwanzo walikufa. Lutaaya hakufika Krismasi. Kwetu Tanzania dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na kati ya 1983 na 2004 kuna miaka 21 ya makaburi. Miongoni mwa waliolala humo walikuwepo majasiri kuliko wote tunaowasifu leo. Ujasiri wao haukuwaokoa, kwa sababu virusi haviogopi ujasiri. Tunaposikiliza ushuhuda wa aliyeibuka mpya tunasikiliza waliobaki, na ni rahisi mno kudhani kwamba wamebaki kwa kuwa walikuwa na moyo zaidi. Wengine walibaki kwa sababu waliugua mwaka 2005 badala ya 1995. Nasema hivi bila kumvunjia heshima yeyote, nikiwaza watu wa ukoo wangu walio upande huu na upande ule wa mwaka 2004, dawa zilipofika.

Kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Patricia Frazier na wenzake walichapisha utafiti uliofanya kitu ambacho wengi hawakuwa wamekifanya: waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu kabla, kisha wakawapima tena baada ya baadhi yao kupatwa na mkasa. Wakalinganisha mabadiliko yaliyopimika na yale ambayo wanafunzi wenyewe walidai kuyapata. Kwa sehemu kubwa havikuwiana. Mtu aliyesema amekua sana hakuwa lazima amekua, na kudai ukuaji kuliambatana na dhiki zaidi. Simwoni mtu huyo kuwa mwongo. Namwona ni mtu aliyeshika kamba ya kwanza aliyotupiwa. Mfiwa anayesema siku ya tisa kwamba ameshajifunza mengi huenda anatujibu sisi, kwa kuwa anaona nyuso zetu zinasubiri jibu hilo ili nasi tuweze kuondoka tukiwa tumetulia.

Kinachonihuzunisha ni kwamba sisi tulikuwa na maarifa ya jambo hili kabla ya dodoso lolote. Yaangalie matanga. Watu wanakuja, wanatandika mikeka, wanalala chini na mfiwa. Kila anayeingia anasimuliwa tangu mwanzo: alianza kulalamika kichwa, tukampeleka zahanati, wakatuandikia rufaa, tulipofika daraja la mto akaomba maji. Hadithi ileile, mara ishirini kwa siku, kwa siku kadhaa. Mgeni anaweza kuona ni kumtesa mfiwa. Mimi naona ni kazi. Mara ya kwanza anasimulia vipande, mara ya kumi vipande vimeanza kushikana, mara ya hamsini yeye mwenyewe anasikia kitu ambacho hakukijua, kwamba marehemu alikuwa anamuaga. Ndipo siku ya kuanua matanga inafika, na hata baada yake ipo arobaini. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume ana eda ya miezi 4 na siku 10. Najua eda na mila nyingine za ujane zimetumiwa pia kumbana mwanamke, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini katika kile kipindi kirefu kuna maarifa kwamba moyo una kalenda yake.

Upande wa pili kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliyompa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 4 anapofiwa na mtoto, mwenza, mzazi au ndugu wa karibu. Neno zisizopungua waajiri wengi wamelisoma kama zisizozidi. Rafiki yangu alirudi ofisini siku ya tano. Ndiyo kusema zile jumbe za kumtaka awe mpya zilimkuta mezani kwake, kati ya barua pepe mbili za kazi. Mjini hata matanga yenyewe yamefupishwa; tunakwenda moja kwa moja ukumbini, tunatoa rambirambi kwa simu, tunaondoka na sahani ya pilau tumboni. Muda wa kukaa tumeuondoa, lakini mavuno ya kukaa bado tunayadai.

Ndiyo maana nasema ukuaji baada ya pigo ni suala la watu waliokuzunguka na muda uliopewa, kuliko suala la roho ngumu. Mama yangu mdogo alifiwa na mume mwaka 1994. Shemeji zake walichukua shamba la kahawa kabla ya arobaini. Yeye mwenyewe aligundua baadaye kwamba anaishi na virusi, akaanza dawa mwaka 2005 akiwa na uzito wa mtoto wa shule. Leo ndiye anayewafuata nyumbani walioacha dawa, ndiye anayekaa na msichana wa miaka 19 aliyetoka kupewa majibu. Ukimsifu kwamba ugonjwa umemfanya kuwa mtu mkubwa, hakasiriki, ila anakurekebisha. Atakutajia wanawake wanane wa kikundi chake. Atakwambia nani alimbeba kwenye baiskeli kwenda kliniki, nani alisimama naye kwenye baraza la kata mpaka nusu ya shamba ikarudi, nani alimfundisha kuweka akiba. Watatu kati ya wanane wamekufa, na anawataja kwa majina yao kamili. Akiulizwa kama angependa yale yote yasingetokea, anasema ndiyo bila kusita. Angependa mume wake awe hai na yeye awe mwanamke wa kawaida mwenye kahawa yake.

Jibu hilo naliamini kuliko ushuhuda wowote wa jukwaani. Amebadilika, ana nguvu ambazo hakuwa nazo, na bado bei aliyolipa anaiona ni kubwa mno. Mambo hayo mawili anayabeba pamoja, wala hajaribu kuyapatanisha ili sisi tufurahi.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi iliyobebwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003, ilisimama kwa amri. Mijadala mingi ilihusu dawa, na ilikuwa sahihi, kwa sababu dawa ni uhai. Lakini washauri rika na watu wa kuwafuatilia wagonjwa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani. Posho zao zilikuwa ndogo, na kwenye majedwali ya bajeti walionekana kama nyongeza. Ukiisoma historia ya TASO unaona kinyume chake: wao ndio walikuwepo kwanza, miaka mingi kabla kidonge cha kwanza hakijafika. Serikali zetu zikipanga namna ya kujitegemea, naomba safu ya huyo anayekaa na mgonjwa isifutwe kwa kuwa haina risiti ya dawa. Iandikwe, ilipwe, iwe ajira. Na waajiri waliokuwa wakihesabu siku nne wahesabu upya. Anayerudi mapema mno anakaa kwenye kiti tu, kazi hafanyi.

Posho ilipokatika, mama mdogo aliendelea na kikundi kwenye ukumbi wa parokia, kila mmoja akichangia chai. Sitaki kuligeuza hilo kuwa hadithi ya kupendeza. Alikuwa anatembea kilomita sita kwa miguu akiwa na miaka zaidi ya sitini, na wawili kati ya vijana aliokuwa akiwafuatilia hakuwapata tena.

Rafiki yangu nilimjibu mwishoni mwa Mei. Nilikwenda kwake Jumapili mchana bila kupiga simu, nikamkuta anachambua mchele. Nikakaa chini upande wa pili wa ungo, nikamwomba anisimulie tangu mwanzo. Alisimulia mpaka giza likaingia, na alipofika kwenye jina la mtoto, ambalo ofisini hakuna aliyelitaja tangu Machi, alilisema mara tatu.